Motokari ya Zamani pa Abingdon: Kuitengeneza na Kutembea Nayo

Ndugu msomaji, kama unakaa Kolwezi, Likasi ao Kipushi, hakuna mtu wa kukufundisha neno juu ya motokari inayotengenezwa leo na kutembea kesho. Kwetu njo maisha. Unaondoka asubuhi, saa ya midi unalala chini ya mashini, magaribi unarudi nayo nyumbani kama bahati iko. Lakini mwaka 2019 nilikwenda kumtembelea binti yangu kule Uingereza, katika muji mdogo wa Abingdon, na nikakuta wazee wenye pesa ya kununua motokari mpya wakifanya vilevile, kwa kupenda tu. Nilikaa pale majuma matatu. Ngoja nikueleze.

Abingdon iko karibu kilometa 10 kusini mwa Oxford, ku mto Thames. Ukifika utaona daraja la mawe la zamani, bata-maji weupe wanaogelea chini yake, na pa soko nyumba kubwa ya mawe iliyojengwa katika miaka ya 1600 na kitu. Leo nyumba ile ni museo. Nilifikiri nitaona mapanga na mataji ya wafalme. Kumbe ndani wameweka motokari! Ni MGB, moja ya zile za mwisho kutoka katika kiwanda cha pale.

Herufi MG zinatoka ku jina Morris Garages, garaje iliyokuwa Oxford. Mwaka 1929 kazi ikahamia Abingdon, na tangu wakati ule muji ukawa muji wa kampani. MGB yenyewe ilianza mwaka 1962. Ni motokari ndogo ya michezo, viti viwili, kichwa cha nguo unachokunja jua likitoka, injini ya silinda 4 ya lita 1.8 yenye kabiratere mbili. Si motokari ya matajiri wakubwa. Mwalimu aliweza kuinunua, fundi vilevile. Walitengeneza zaidi ya 500,000, na nyingi zilivuka bahari kwenda Marekani. Mwezi wa Oktoba 1980 kiwanda kikafungwa. Wewe msomaji wa miji ya kampani, sina haja ya kukueleza siku kama ile inafanana namna gani.

Jirani wa binti yangu, mzee wa miaka zaidi ya 70, alifanya kazi mule mpaka kufungwa. Kazi yake ilikuwa kufunga milango. Bati la karoseri lilikuja tayari kutoka miji mingine. Abingdon waliunganisha tu. Miaka mitatu kiisha kiwanda kufa akanunua MGB ya 1972, okazio, rangi ya kijani kibichi. Tangu pale anaitengeneza, na tangu pale anatembea nayo. Miaka 36! Nilimwambia binti yangu: “Muulize, juu ya nini hamalizi?” Mzee akacheka. Akajibu kwamba motokari iliyomalizika anaijua moja tu, na iliishia katika makarato.

Hadithi yake ni hii. Kijana bado, alikuwa na motokari nyingine ya michezo. Akataka kuifanya mpya kabisa. Akaivunja yote, mpaka buloni ya mwisho, akaandika ku kila karato: freni, taa, volani. Alifikiri mwaka mmoja utatosha. Watoto wakazaliwa, kazi ikaisha, garaje ikajaa baiskeli. Kiisha miaka 11 akauza yale makarato kwa mtu mwingine, na yule pia, mzee anasema, hakuijenga. Kwa hiyo ya kijani aliiwekea sheria: kidonda kimoja kwa wakati mmoja, na kila chemchemi irudi barabarani.

Mimi nilifanya kazi ya mekanisien miaka 28, kwa hiyo nilitaka kuona chini. Siku ya Posho tukaingia wote wawili katika garaje yake, mimi na Kiingereza changu cha vidole.

Adui wa MGB ni kutu. Wakati wa baridi kule wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi ile inakula chuma kama mchwa anavyokula mlango. Tena MGB haina shasi ya kamioni, yaani miti miwili mizito inayobeba kila kitu. Karoseri yenyewe njo inabeba. Chini ya kila mlango kuna kisanduku kirefu cha bati, tabaka kwa tabaka, na katika motokari isiyo na kichwa cha chuma, kisanduku kile njo mgongo wake. Ukikikata bila akili, motokari inajikunja katikati, na mlango hautafungwa tena mpaka mwisho wa dunia. Mzee akanionyesha namna ya kupima kama unanunua: inua motokari kwa kiriki, kiisha fungua mlango na ufunge. Kama mlango unagusa bati, mgongo umeoza. Hata rangi ikingaa namna gani, kimbia. Chukua shauri hili, ndugu, linasaidia hata kwa okazio za huku kwetu zenye karoseri ya namna ile.

Yeye alifanya upande wa kushoto katika baridi ya 2007, wa kuume katika baridi ya 2011. Hapana pande mbili pamoja. Aliweka motokari sawasawa juu ya vitegemeo, akasudia vyuma viwili vya muda katika nafasi ya mlango, toka mbele mpaka nyuma, ili isijikunje. Kiisha kila kipande kilichokatwa alirudisha mlango mahali pake na kuangalia mwanya. Mtu wa milango, unafikiri nini! Mbele ya kuwasha moto alitoa batri, akatoa tangi la esanse na kulipeleka nje mbali, akatoa mazulia yote. Ndoo ya maji ilikaa karibu. Nimeona kwetu vijana wanasudia chini ya tangi lenye esanse na kuimba. Sisemi zaidi.

Kuna kitu kimoja ambacho sheria ya kidonda kimoja haikigusi: freni. Freni haingojei chemchemi. Mipira ya freni ikipasuka kiloko, tube ikionyesha kutu, motokari haitoki, hata kama mama amekwisha kuvaa. Zile tube za chuma za zamani amezibadilisha zote na tube za shaba iliyochanganywa na nikeli, juu hazishiki kutu. Niliposikia shaba nilizigusa kwa kidole. Siwezi kujua ilitoka katika udongo gani, lakini mtu wa Katanga akigusa shaba mbali na kwao anafikiri mambo yake.

Serikali yao, tangu Mei 2018, haimlazimishi mwenye motokari iliyopita miaka 40 kuipeleka ku uchunguzi wa kila mwaka, kama haikugeuzwa sana. Mzee anaipeleka tu. Anasema macho ya mtu mwingine yanaona kile mwenye mali hataki kuona.

Hapa wivu ulinishika. Piesi zinakuja kwa posta, mpya, ndani ya siku chache. Hata karoseri nzima! Tangu 1988 kampani moja inayoitwa British Motor Heritage inatoa karoseri mpya za MGB, kwa vyuma vilevile vya kupigia bati vya zamani, na leo inafanya kazi Witney, si mbali na pale. Ungeweza kuhamisha injini na viti, ukapata motokari kama ya jana. Kwetu kipande kikikosa tunakichonga sisi wenyewe, na mimi naona mafundi wetu wanawashinda kwa akili ya mikono.

Basi nikauliza tena: mtoto wake mmoja alitaka kumlipia ile karoseri mpya, kwa nini amekataa? Mara hii mzee hakucheka. Akaangalia ku dirisha la jikoni. Binti yangu akatafsiri polepole: kazi ile ingeshika motokari mwaka mzima, pengine miwili. Na mama, bibi yake, macho yanakufa. Daktari amesema katikati inafifia, pembeni pengine itabaki kiloko. Kila mwaka wa ndoa yao wamekwenda ku bahari ya kusini na motokari ile, zaidi ya kilometa 100, kichwa kimefunguliwa. Mzee akasema, “Nikiivunja sasa, ataona nini?”

Siku ya Posho ya mwisho, mimi nikiwa nafunga valizi, tulisikia injini. Mimi na binti yangu tukatoka ku mlango. Mama amevaa kitambaa kichwani, kikapu kati ya miguu. Wakaondoka, wakafika pale barabara inapopinda, injini ikakohoa, ikanyamaza. Nikaanza kukimbia, mazoea ya kazi. Mbele ya kufika, mama alikuwa amekwisha kushuka na kipande cha mti mkononi. Alizunguka nyuma akipapasa bati kwa vidole, akafika ku gurudumu la kuume, akainama, akagonga chini mara mbili. Pale njo inakaa pompe ya esanse ya umeme, na zile pompe za zamani zinapenda kusinzia. Tika-tika-tika, ikajibu.

Mama akanyanyuka, akaona mtu amesimama, hakujua nani, akanipungia mkono na ule mti. Kiisha akarudi ku kiti chake, wakaenda.