Bei Kabla ya Mkasi

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Kariakoo. Mteja akileta kitambaa, baba hakushika mkasi kabla ya bei kutajwa na siku ya kuchukua nguo kujulikana. Niliyaona hayo utoto wangu wote, kisha nikaingia kwenye kazi ya kuandika programu, nikayasahau.

Niliajiriwa Dar es Salaam mwaka 2011, miaka miwili baada ya mkongo wa intaneti wa SEACOM kutufikia kupitia baharini. Tulikuwa vijana sita tukitunza mfumo wa malipo kwa simu. Mshahara niliotajiwa ndio nilioukubali. Niliamini kwamba anayekesha ndiye anayepandishwa, basi nikipigiwa simu saa nane usiku kwamba miamala imekwama, nilifungua kompyuta hapohapo kitandani. Mwanangu wa kwanza alianza kutembea siku ya Jumapili, nami niko ofisini. Mwisho wa mwaka nyongeza ikaja, sawa kwa wote, waliokesha na waliolala.

Dada mmoja aliyetutangulia kazini aliniuliza, "Mdogo wangu, mwezi huu umefanya kazi saa ngapi?" Sikujua. Akaniambia ninunue daftari, niandike kila saa na sababu yake. Akanionyesha pia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, nazo zilipwe mara moja na nusu, likizo siku 28 kwa mwaka. Mimi likizo ya miaka miwili nilikuwa sijaigusa.

Daftari lilinifumbua macho. Ndani ya wiki nne niliamshwa mara 11, na mara 8 chanzo kilikuwa kilekile: jibu likichelewa kutoka mtandao wa simu, mfumo wetu ulituma ombi upya, mteja akakatwa fedha mara mbili. Nami kila usiku nilifuta muamala wa pili kwa mkono, nikaona ndiyo bidii. Nikaomba wiki mbili za kutibu chanzo. Kila malipo yakapewa namba yake ya pekee. Namba hiyo ikija tena, mfumo unaikataa. Simu za usiku zikapungua. Nilipokwenda kuzungumzia mshahara sikutaja pango wala ada ya shule. Nilitaja malalamiko ya wateja yaliyokwisha. Nikaongezwa kidogo, lakini habari ya saa za ziada bosi hakutaka kuisikia. Nikaanza kutafuta kwingine taratibu, huku kazi bado ninayo, ili njaa isije ikanipangia bei.

Mwaka 2021 kampuni moja ya Marekani ilinitaka nifanye kazi nikiwa nyumbani, kwa fedha iliyokuwa mara tatu ya mshahara wangu. Safari hii nilishika kalamu kwanza. Saa tatu asubuhi ya kwao New York ni saa kumi alasiri kwetu, na kwenye majira yao ya baridi ni saa kumi na moja. Mkataba haukuwa na likizo, bima ya afya, wala mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambao mwajiri wa hapa hutoa. Nilipovitoa vyote hivyo, mara tatu ikawa kama mara mbili. Nikataja bei inayovibeba, na sharti kwamba mikutano iishe kabla ya saa mbili usiku. Bei walinipunguzia kidogo, saa wakazikubali. Mwanangu wa pili alipopiga hatua zake za kwanza, alizipiga kunijia mimi.

Vijana wengi huniuliza wajifunze lugha gani ya programu ili walipwe vizuri. Nami huwauliza swali lile la dada: mwezi huu umefanya kazi saa ngapi? Wakinyamaza kama nilivyonyamaza mimi, nawaambia tuanzie hapo, kwa daftari, kabla hawajamkatia mtu mwingine kitambaa.