Diski Iliyojaa Ilhali Ina Nafasi



Juma hili naomba tukae kidogo na jambo ambalo huenda wengine wataliona kuwa ni la mafundi tu. Kompyuta ya nyumbani siku hizi ndiyo sanduku la familia. Humo mna hati za kiwanja, vyeti vya watoto, picha za harusi, na mara nyingine sauti za watu ambao hatunao tena. Sanduku hilo linapokataa kupokea kitu, mwenye nyumba huambiwa upesi, "Futa kila kitu, uanze upya." Mimi nasema ushauri huo hutolewa kwa haraka mno, hasa katika kompyuta zinazotumia mfumo wa mafaili usioandika juu ya maandishi ya zamani.

Niueleze kwanza mfumo wenyewe. Katika mifumo mingi ya zamani, ukibadilisha barua uliyoiandika jana, kompyuta huweza kwenda palepale penye barua ya jana na kuandika juu yake. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, waweza kukosa ya jana na ya leo pia. Mfumo ninaousema hufanya kazi kama karani mwangalifu wa chama cha ushirika. Karani huyo hafuti mstari wa zamani, bali huandika mstari mpya kwenye ukurasa mtupu. Akiisha kuukamilisha, ndipo hubadili fahirisi ya daftari ili ielekeze kwenye mstari huo mpya. Umeme ukikatika kabla ya fahirisi kubadilishwa, maandishi ya jana yangali pale, salama. Kwa sisi tuliozoea umeme wa kukatika-katika, hilo si jambo dogo. (Sharti diski nayo iseme kweli. Ziko diski za bei rahisi ambazo hujibu "tayari nimeandika" kabla hazijaandika, na hapo hakuna mfumo utakaokuokoa.)

Wazo hili si la jana. Jeff Bonwick na Matthew Ahrens wa kampuni ya Sun Microsystems walianza kuunda mfumo uitwao ZFS mwaka 2001, nao ukatolewa kwa watu wote mwaka 2005. Mwaka 2007 Chris Mason, akiwa Oracle, alianza Btrfs kwa ajili ya Linux, akijenga juu ya utafiti wa Ohad Rodeh wa IBM. Btrfs iliingizwa katika kerneli ya Linux mwaka 2009, na tangu Oktoba 2020 Fedora huiweka yenyewe katika kompyuta za mezani na za mapajani bila mtumiaji kuiomba. Ndiyo maana leo wako watu wengi wanaoitumia pasipo kujua, na kati yao alikuwamo dada yangu mkubwa.

Kompyuta ya dada iliwekewa Linux na mwanawe. Diski yake ni ya gigabaiti 256, na ndani yake mlikuwa na hesabu za kikundi chao cha kuweka na kukopa, hati za kiwanja cha familia, na mafaili 43 ya sauti ya marehemu mama yetu. Mama aliyasimulia hayo katika miezi yake ya mwisho: nani alizaliwa wapi, nani alimwoa nani, mpaka wa shamba unapita kwenye mti gani. Siku moja kompyuta ikagoma kuhifadhi hesabu za kikundi, ikisema hakuna nafasi. Fundi mmoja wa mtaani aliitwa, akaitazama kwa dakika kumi, akasema mfumo wa mafaili umekufa na dawa ni kuufuta. Dada akanipigia simu. "Mdogo wangu," akaniambia, "huyu kijana anataka ruhusa yangu, na mimi mkono unakuwa mzito."

Nilimwomba asitoe ruhusa hiyo, na asikubali jambo la pili ambalo fundi alilitaja, yaani kuendesha amri ya btrfs check --repair. Jina lake ni la kuvutia, kwani nani asiyependa kutengenezewa? Lakini watunzi wa amri hiyo wenyewe wameiwekea onyo kwamba isitumiwe pasipo ushauri wa mtunzi au mtumiaji mzoefu, na ukiiita hungoja sekunde kumi ili upate nafasi ya kughairi. Huweza kuuharibu zaidi mfumo ambao ungali mzima. Na wa dada ulikuwa mzima. Ulikuwa umebanwa tu.

Nilipofika, mpwa wangu alikuwa na swali lililomnyima usingizi. "Mjomba, amri ya df inasema diski ina gigabaiti 229, zilizotumika ni 197, na zilizobaki ni sifuri. Gigabaiti 32 zimekwenda wapi? Tena nimefuta filamu za gigabaiti 12, na sijarudishiwa hata moja!" Alikuwa na haki ya kushangaa. Hesabu hiyo ni ya darasa la tatu, nayo haikubali.

Jibu limo katika amri nyingine, btrfs filesystem usage. Btrfs haigawi diski faili kwa faili tu. Kwanza hukata diski katika mafungu makubwa, kwa kawaida ya gigabaiti moja moja, na kila fungu hupewa kazi: hili la data, yaani yaliyomo katika mafaili, hili la metadata, yaani ile fahirisi ya karani wetu. Fungu likishapewa kazi haliazimwi kwa kazi nyingine. Kwa dada, data ilikuwa imetengewa gigabaiti 221 huku zilizotumika zikiwa 189. Metadata ilikuwa na 4, nazo huandikwa mara mbili kwa usalama, hivyo zikala 8 za diski. Zilikuwa zimejaa, isipokuwa akiba ya nusu gigabaiti ambayo mfumo hujiwekea kwa ajili ya dharura. Diski nzima ilikuwa imeshagawiwa. Basi zile 32 zilikuwapo, lakini zilikuwa ndani ya mafungu ya data, kama nyumba yenye vyumba vitupu vilivyofungwa wakati wageni wamejaa sebuleni. Na pasipo nafasi ya kuandika fahirisi mpya, karani hawezi kuandika chochote, hata kama kurasa za kawaida ni tupu.

Filamu je? Kompyuta hiyo ilikuwa na programu ya kuchukua snapshoti kila saa. Snapshoti ni fahirisi ya pili inayoelekeza kwenye mistari ileile kama ilivyokuwa saa fulani. Huchukuliwa kwa muda mfupi sana na mwanzoni haili nafasi ya kutajika, ndiyo sababu watu huiacha ijirundike. Zilikuwa 94. Ukifuta filamu, unaiondoa katika fahirisi ya leo tu. Za jana na juzi bado zimeishikilia. Tena kufuta kwenyewe ni kuandika, kwa sababu fahirisi mpya isiyo na filamu lazima iandikwe mahali papya. Mpwa wangu alikuwa akimwongezea karani kazi, akidhani anampunguzia.

Kabla ya kugusa lolote tulinakili mambo ya lazima kwenye diski ya nje, kwani kusoma hakudai nafasi. Hapo tukakuta kwamba faili moja kati ya yale 43 linakataa kusomwa. Nitalirudia hilo.

Kisha tulijaribu kufuta snapshoti za zamani, tukakataliwa: hakuna nafasi. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nami sishangai. Njia iliyopo ni kuikopesha diski pumzi. Tulichomeka flashi tupu ya gigabaiti 16, tukaiongeza katika mfumo kwa amri ya btrfs device add, na papo hapo mfumo ukapata mahali pa kuandika fahirisi. Lakini sikilizeni vizuri: kuanzia dakika hiyo ile flashi si flashi tena, ni sehemu ya diski. Sehemu ya fahirisi imekaa humo. Mtoto akiichomoa, umepoteza mengi kuliko ulivyokuwa navyo ulipoanza. Dada alikata kipande cha plasta, akakibandika juu yake, akaandika kwa kalamu nyekundu: MSIGUSE. Nadhani ilikuwa kazi muhimu kuliko yangu ya siku ile.

Baada ya hapo mambo yalitulia. Tulifuta snapshoti 70 za zamani, chache chache, tukisubiri kila mara, kwa maana mfumo husema umefuta kabla ya kumaliza kurudisha nafasi. Kazi yenyewe huendelea nyuma ya pazia. Data iliyotumika ikashuka kutoka 189 hadi 131. Ndipo tukasawazisha kwa amri ya btrfs balance, tukiipa sharti la dusage, yaani ishughulike na mafungu ya data ambayo yametumika chini ya asilimia fulani tu. Tulianza na 5, kisha 10, kisha 30. Mfumo huchukua mafungu yenye vitu vichache, huvihamishia pamoja, na mafungu yaliyobaki matupu hurudishwa kwenye diski isiyogawiwa. Asiyeweka sharti hilo huilazimisha kompyuta kuhamisha kila kitu, kazi ya saa nyingi isiyo na faida. Metadata hatukuisawazisha; heri ibaki na nafasi yake.

Mwishoni tuliiondoa flashi kwa btrfs device remove, ambayo huhamisha kwanza vilivyomo. Tulingoja mpaka amri ilipomaliza, ndipo dada akabandua plasta yake.

Sasa lile faili. Mfumo huu huhifadhi, kwa kila kipande cha data, namba ya uhakiki iliyokokotolewa wakati wa kuandika. Ukisoma, namba hukokotolewa tena, zisipolingana, unakataliwa. Yule fundi aliona kukataa huko kuwa dalili ya mfumo mbovu. Kwa maoni yangu ni uaminifu. Mfumo mwingine ungekukabidhi kipande kilichooza, na wewe ungekinakili mwaka hadi mwaka bila kujua. Tuliendesha btrfs scrub, ukaguzi unaosoma vyote vilivyoandikwa, nao ukatuthibitishia: kasoro moja tu, katika kipande kimoja cha baiti 4,096, ndani ya sauti ya mama. Ingekuwa kwenye metadata, mfumo ungejiponya kwa nakala ya pili. Data ya diski moja haina nakala ya pili.

"Si tunazo snapshoti, mjomba?" mpwa akauliza. Tulikuwa tumebakiza 24. Tukajaribu ya juzi, ya juma lililopita, zote zikakataa vilevile. Hapo aliona kwa macho yake jambo ambalo nimelisema mara nyingi bila kusikilizwa: fahirisi 24 zinazoelekeza kwenye mstari mmoja si nakala 24. Mstari ukiharibika, zote zinaelekeza kwenye uharibifu. Simu iliyorekodi sauti ile iliibiwa zamani.

Ilibaki njia moja. Tangu kerneli ya 5.11 ya mwaka 2021, Btrfs hukubali kufunguliwa kwa kusoma tu, pamoja na chaguo la rescue=ignoredatacsums, ambalo huiambia ipuuze namba za uhakiki za data na itoe ilicho nacho. Tuliiwasha kompyuta kwa flashi ya Linux, tukaifungua diski kwa njia hiyo, tukanakili faili. Sauti ile ilikuwa na baiti kama 16,000 kwa sekunde. Kipande kilichoharibika ni robo ya sekunde. Tulisikiliza sote watatu. Mama anataja majina ya ndugu wa upande wa baba yake, mmoja mmoja, halafu unasikika mkwaruzo mfupi, kisha anaendelea. Dada alirudisha nyuma mara tatu au nne. Jina lililokwaruzwa analijua, alisema. Akalitamka, na mpwa wangu akaliandika kwenye karatasi.

Tumeweka utaratibu. Snapshoti zinazobaki ni saba za siku na nne za majuma. Ukaguzi wa scrub unafanyika Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, na siku hiyohiyo snapshoti mpya hupelekwa kwa btrfs send kwenye diski ya nje, ambayo baadaye hufungiwa kabatini pamoja na hati halisi za kiwanja. Diski ya pili ya nje, yenye nakala ya mafaili yote 43, iko kwangu.