Maji ya Shimoni: Kazi ya Mitaro na Urejeshaji wa Ardhi katika Machimbo ya Lugoba

Sehemu kubwa ya maisha ya kazi ya mwandishi wa tawasifu hii ilipita katika machimbo ya kokoto ya Lugoba, Mkoa wa Pwani, ambako malori hupakia usiku na mchana kuelekea Dar es Salaam, naye hakuajiriwa kulipua mwamba wala kuusaga, bali kuyaongoza maji na kuiandaa ardhi kwa siku ambayo mitambo ingeondoka.

Mwamba wa huko ni naisi, yaani jiwe la kale lililogeuzwa umbo na joto na mgandamizo chini ya ardhi, na kwa kuwa haupitishi maji ila kwenye nyufa, shimo linalochimbwa ndani yake hukaa na maji kama sufuria. Mvua ya milimita 50, ambayo wakati wa masika hunyesha kwa jioni moja, huacha mita za ujazo 2,000 katika shimo la hekta nne, mbali na yale yanayoteremka kutoka mlimani. Ndiyo maana mwandishi alishikilia kwamba mtaro wa kukinga, unaochimbwa juu ya ukingo wa shimo ili kuyapitisha kando maji ambayo bado ni safi, utangulie mlipuko wa kwanza. Meneja aliyeona mtaro huo ni gharama ya bure alikuja kuilipa gharama hiyo kwa dizeli ya pampu.

Maji yaliyokwisha kuchanganyika na vumbi la krasha hayakuruhusiwa kwenda korongoni moja kwa moja, bali yalipitishwa katika mabwawa ya kutulizia tope, ambamo mwendo wake hupunguzwa hadi chembe zizame. Kasi ya kuzama hufuata mraba wa kipenyo cha chembe: yenye milimita 0.01 hushuka mita moja kwa muda wa saa tatu hivi, lakini yenye milimita 0.001 huhitaji takriban siku 12, muda ambao hakuna bwawa la machimbo linaloweza kuusubiri katikati ya masika. Mwandishi alizoea kujaza chupa tupu ya maji ya kunywa kwenye kizingiti cha kutokea na kuiacha dirishani mwa ofisi, ambapo kabla ya chai ya saa nne mchanga ulikuwa umelala chini, tope laini juu yake, na wingu la kijivu likiwa halijasogea. Wageni wengi walielewa zaidi kwa chupa hiyo kuliko kwa ripoti ya maabara.

Urejeshaji wa ardhi, kwa maoni yake, huanza siku kijiko kinapokwangua udongo wa juu, kwa sababu udongo huo ukichanganywa na kifusi, au ukirundikwa kwa kimo kirefu hadi ukakosa hewa, hupoteza mbegu na viumbe wake, na mche utakaopandwa baadaye hudumaa. Mfano unaotajwa sana ni wa Bamburi, Mombasa, ambako René Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje juu ya sakafu tupu ya chokaa ya matumbawe, akawategemea jongoo kuyageuza majani yake kuwa mboji. Mfano huo ni mzuri, ila hauhamishiki mzima mzima: Bamburi mizizi iliyafikia maji ya chini ya ardhi karibu tu na sakafu, ilhali Lugoba sakafu ni ama dimbwi ama jiwe kavu. Huko mwandishi alilaza kwanza kingo za kifusi, akapanda nyasi za vetiva kwa mistari inayokata mteremko, kisha migunga na mikwaju.

Mabishano marefu zaidi yalihusu shimo lenyewe. Mpango wa kufunga machimbo ulitaka lizungushiwe uzio, huku wafugaji wa jirani wakitaka lambo la kunyweshea ng'ombe wakati wa kiangazi. Mwandishi aliwaunga mkono wafugaji, kwa sharti kwamba upande mmoja ukatwe njia pana ya mteremko mdogo hadi majini, nyingine zote zibaki na uzio, na maji yapimwe kabla ya mfugo wowote kushuka.