Meru ya Kitabuni na Meru ya Mlimani

Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Poli chini ya Mlima Meru, aliagizwa na mwalimu wake kuandika insha juu ya rais mmoja wa zamani wa Marekani na safari yake katika nchi zetu. Akamchagua Theodore Roosevelt. Sababu ya uchaguzi huo haikuwa ya kitaalamu. Alipokuwa akipekua kurasa za African Game Trails, kitabu kilichochapwa mwaka 1910, jicho lake lilikutana na neno Meru. Moyo wake ukafurahi kama wa mtu aliyeona jina la babu yake katika waraka wa serikali. Akaazimu kwenda kupatafuta mahali alipokanyaga Roosevelt.

Alishuka Arusha mjini, akaanzia kwenye Boma la Wajerumani, ambalo siku hizi ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Kuta zake ni nene, na bustani yake ina kivuli kizuri. Alizunguka asubuhi nzima akimtafuta Roosevelt asimwone. Adhuhuri aliketi chini ya mti, akakifungua kitabu mahali penye jina lile, na safari hii akausoma ukurasa mzima. Meru iliyotajwa ilikuwa boma la Waingereza chini ya Mlima Kenya. Roosevelt alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, wiki chache baada ya kuacha urais, akapanda reli ya Uganda, akawinda katika nchi ya Waingereza, akapita Uganda, na safari yake ikaishia Khartoum mwezi wa Machi 1910. Mlima Meru wa Arusha siku zile ulikuwa katika himaya ya Wajerumani.

Asilaumiwe sana kijana huyu. Wenye milima ndio walioanza kuwatatanisha wageni. Kenya ina Meru, Tanzania ina Meru. Kenya ina Nanyuki, na nyuma ya Mlima Meru wa Arusha iko Engare Nanyuki, ambayo kwa Kimaasai maana yake ni maji mekundu. Msomaji avivu wa kutazama ramani hupotea mchana kweupe.

Walakini kitabu hakukitupa, na hapo ndipo kazi yake ilipoanza kuwa na maana. Roosevelt alipenda kuandika maneno ya Kiswahili, na masikio yake yaliyasikia kwa namna yake. Anasimulia kuwa wapagazi walimwita Bwana Makuba, yaani bwana mkubwa, na mwanawe Kermit wakamwita Bwana Merodadi. Mwanafunzi wa lugha huyatambua maridadi papo hapo, akacheka, kisha akajiuliza kama wapagazi wale nao hawakucheka. Baba na mwana waliua wanyama 512 kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, wengi wao wakiwa wa kupelekwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Kwa bunduki alitaja watu wake: Bakari mchukuzi wa bunduki yumo, na wengine kadha wamo. Lakini msafara ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200, na wengi wao humo ni idadi tu.

Kitu kilichomkalia kijana moyoni kuliko tembo na simba kilikuwa kisanduku cha vitabu. Roosevelt hakutaka kukaa mwituni bila ya kusoma. Alichukua vitabu vipatavyo 60, vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jasho, damu na mvua, vikatiwa katika sanduku jepesi la madini, uzito wake usizidi ratili 60, kwa kuwa huo ndio mzigo wa mpagazi mmoja. Orodha ya vitabu hivyo imechapwa mwishoni mwa kitabu chake, kila mwandishi kwa jina lake. Jina la mtu aliyevibeba halimo katika orodha. Alitembea na Homer na Shakespeare kichwani mchana kutwa, na jioni akautua mzigo.

Kwa kuwa insha ilikwisha kukosa mahali, mwalimu alimshauri atafute marais waliofika Arusha kweli. Hao si wa kutafuta kwa taa. Tarehe 28 Agosti 2000 Bill Clinton, akiwa bado madarakani, alifika katika Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, majengo yaliyojengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyovunjika mwaka 1977. Alikuja kushuhudia kutiwa saini mapatano ya amani ya Burundi. Usuluhishi huo ulianzwa na Mwalimu Nyerere; alipofariki Oktoba 1999 ukashikwa na Nelson Mandela. Siku ile baadhi ya vyama vilikataa kutia saini, vikaja kutia baadaye, na makundi makubwa yenye silaha hayakuwamo kabisa. Vita viliendelea kwa miaka. Clinton alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 2004, chenye kurasa zaidi ya 900. Arusha imo, kwa maneno machache. Si haki kumlaumu kwa hilo, maana alikaa siku moja tu. Ila Mrundi aliyekaa kambini Kigoma akiisubiri amani ile angaliihesabu siku hiyo kwa kipimo kingine.

George W. Bush naye alipita Arusha tarehe 18 Februari 2008, akaitembelea hospitali ya wilaya ya Meru, kisha kiwanda kinachotengeneza vyandarua vyenye dawa. Katika habari hii kijana hakukawia. Chandarua kilikuwamo nyumbani kwao, na mama yake hakuhitaji kitabu kumweleza kazi yake.

Ni mama huyo aliyemwuliza, alipoyasikia hayo yote, kwa nini anawaandika Wamarekani waliokuja Meru, asimwandike Mmeru aliyekwenda Marekani. Kijana aliona haya. Jina la Kirilo Japhet alilijua tangu utoto, kama mtu ajuavyo jina la mto, bila ya kuuliza chanzo chake.

Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi iwe ya walowezi wa kizungu wafuga ng'ombe. Wenyeji walichanga fedha, na Kirilo akatumwa New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Mwaka 1952 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, katika makao ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Oktoba 1949, Rais Harry Truman akihutubia sherehe. Truman alikuwa bado rais Kirilo alipofika huko. Shauri lilifika hata Baraza Kuu, na azimio la kuwatetea Wameru likakosa theluthi mbili ya kura. Kirilo alirudi nyumbani bila ya ardhi, akaizunguka Tanganyika akieleza aliyoyaona, na watu wakasikiliza. Mwaka 1967 yeye na Seaton walitoa kitabu, The Meru Land Case, kwa Kiingereza.

Kijana alikipata, kitabu chembamba, akakisoma kwa usiku mmoja. Mwisho wa juma alipanda gari hata Engare Nanyuki, upande wa mlima usiopata mvua nyingi, akakuta watu wakipakia nyanya katika matenga. Alimwamkia mzee mmoja, "Shikamoo, babu," akaitikiwa, akauliza kama anayakumbuka yale ya mwaka 1951. Mzee alisema yeye alikuwa mtoto mgongoni mwa mama yake. Anachokijua ni alichosimuliwa. Kisha akamwuliza kijana kama kitabu hicho anacho hapo, na kama anaweza kumsomea kwa Kiswahili.

Kijana alikuwa nacho mfukoni. Wakakaa juu ya matenga matupu, naye akaanza kutafsiri ukurasa wa kwanza, polepole, akikwama katika maneno ya kisheria, na mzee akimsahihisha majina ya mahali.