Kabla ya Kukata Tiketi ya Treni

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na ilipofika tarehe 25 Julai mwaka huohuo ikaanza kwenda Dodoma. Tangu siku hizo mama yangu amekuwa na ombi moja tu kwangu: nimpeleke kwa treni hiyo akamwone mdogo wake anayeishi Dodoma. Mama ni mkazi wa Maparoni, ndani ya delta ya Rufiji. Amesafiri kwa mtumbwi, kwa mashua na kwa basi, lakini treni hajaipanda. Nami pia sijaipanda.

Kwa kuwa ni katibu wa kamati ya msikiti, mazoea yangu ni kuanza kila jambo na karatasi. Usiku mmoja baada ya Isha, nyumbani kwangu Kibiti, niliketi nikaipanga safari.

Mwanzo wake ndio mgumu kuliko mwisho. Treni huondoka kwa saa, lakini chombo cha delta huondoka kwa maji. Maji yakipwa, hata nahodha hodari hungoja. Kwa hiyo niliandika kwamba mama atoke Maparoni siku moja kabla, ashuke Nyamisati, nimpokee, tupande gari hadi Bungu, kisha tushike barabara kuu ya kwenda Mbagala. Tutalala Dar es Salaam kwa jamaa, ili asubuhi tufike stesheni mapema, vitambulisho mkononi.

Nauli ya daraja la kawaida hadi Dodoma, kama ilivyotangazwa mwaka 2024, ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni shilingi 124,000. Hapo bado chombo, gari, chakula na zawadi ya mkono.

Nikaandika na ibada. Kibiti hadi Dar es Salaam peke yake ni masafa yanayompa msafiri ruhusa ya kupunguza swala za rakaa nne. Safari ya treni ni ya saa tatu hadi nne, hivyo tukipata ya mchana, tutaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya kabla ya kupanda. Kwa atakayehitaji kuswali njiani, kibla cha pwani yetu ni kaskazini, na treni ikielekea magharibi huwa upande wa kuume. Kwa kuwa tumenuia kukaa Dodoma wiki nzima, huko tutaswali kamili, kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafii.

Nilijiona nimemaliza. Nilipokwenda Maparoni nilimsomea mama karatasi yote, na kwa furaha nikamsimulia habari za reli ya Hijazi, iliyojengwa zama za Sultani Abdul Hamid kwa michango ya Waislamu, ikafika Madina kutoka Damascus mwaka 1908. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Na nazi za mdogo wangu umeziandika wapi, mwanangu?"

Sikuwa nimeziandika popote.

Babu yetu alipofariki mwaka 2019 aliacha mabinti wawili na ndugu yake mmoja wa kiume. Mabinti hupata theluthi mbili kwa pamoja, na baki huenda kwa ndugu wa marehemu. Minazi ilikuwa thelathini na sita, ikawa kumi na miwili kwa kila mmoja. Mgawanyo huo niliuandika mimi, kwa mwandiko wangu. Lakini mama mdogo yuko mbali, na minazi yake ikabaki mikononi mwetu. Mwaka wa kwanza tulimpelekea fedha zake. Mwaka wa pili tulimpelekea kidogo. Kisha yakaja mafuriko ya Aprili 2024 yaliyofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, mpunga wa mama ukaenda na maji, na nazi zote, zake na zetu, zikawa chakula, sabuni na ada za watoto. Tangu hapo hapakuwa na hesabu tena.

Nilijitetea. Nikamwambia mama kuwa mama mdogo hajawahi kudai, kwamba sisi ndio tunaopalilia na kulipa wakwezi, na kwamba ndugu hawafanyiani hesabu. Mimi niliyesoma mirathi chuoni, niliyeifafanua aya ya saba ya Suratun Nisaa msikitini kwamba wanawake wana fungu lao katika wanachokiacha wazazi, likiwa dogo au kubwa, nilikuwa natafuta mlango wa kutokea.

Mama akasema: "Kutodai si kusamehe. Treni hiyo itanifikisha mbele ya uso wake kwa saa nne. Uso wangu nitauweka wapi?"

Tukafanya hesabu. Tuliondoa ujira wa wakwezi na wa palizi, kwa kiasi ambacho mama mdogo mwenyewe ataulizwa kama anakiridhia. Ikabaki shilingi 610,000. Akiba yetu ya safari ilikuwa 280,000. Nikadhani mama ataiahirisha safari, akakataa. Alisema fedha ya mtu haitumwi na safari ikafutwa, kana kwamba tunanunua amani kwa mbali. Tutakwenda kwa daraja la kawaida, zawadi tutapunguza, tutamkabidhi kilichobaki katika akiba, na deni lililosalia tutaliandika mbele yake, lilipwe msimu wa korosho.

Nilimpigia mama mdogo simu nikamweleza. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama mama bado anaumwa magoti, na kama ngazi za treni ni ndefu. Habari ya fedha hakuigusa, wala sikuthubutu kumuuliza tena. Hilo nimewaachia wao wawili.

Ndugu msomaji, Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa anayependa kukunjuliwa riziki na kurefushiwa umri na aunge udugu wake. Wengi wetu hudhani kuunga udugu ni kufika tu. Ukipanga safari ya kwenda kwa jamaa zako mwaka huu, andika nauli, andika saa, andika na swala. Kisha mwulize mkubwa wa nyumba ni haki ya nani iliyomo ndani ya akiba hiyo.

Karatasi yangu ya kwanza nimeichana. Katika ya pili, mstari wa juu kabisa ni minazi kumi na miwili. Nauli imeshuka mstari wa tano, na tiketi bado sijakata. Allah atujaalie tufike salama, na atukutanishe na jamaa zetu hali ya kuwa hatuna chao mikononi mwetu. Amin.