Wuhan hadi Guangzhou

Kwa njia ya anga, Wuhan na Guangzhou zimeachana kwa takriban kilomita 840, na ndege huzimaliza kwa muda usiofika saa 2. Ndivyo ilivyokuwa nilipokwenda Wuhan kusoma mwishoni mwa miaka ya 1990, na ndivyo ilivyo hadi leo. Lakini safari yenyewe imebadilika mno.

Wanafunzi hatukuwa na nauli ya ndege. Tulipanda treni ya usiku pale kituo cha Wuchang, Wuhan, ikapita Changsha na Hengyang, ikavuka milima ya Nanling, tukaamkia kusini. Ile reli ni ya zaidi ya kilomita 1,000, na ilimeza usiku mzima. Vitanda vilipangwa vitatu vitatu kwenda juu. Cha juu kabisa ndicho rahisi, na huwezi kukaa wima bila kugonga dari. Mhudumu wa behewa alichukua tiketi yako ya karatasi akakupa kikadi, na saa nne usiku taa zikazimwa. Mkikaribia kituo chako alikuja kukuamsha, ukamrudishia kikadi, naye akakupa tiketi yako. Nilimpenda mtu yule aliyekesha ili sisi tulale bila hofu ya kupitilizwa.

Baadaye nikawa nawanunulia bidhaa wafanyabiashara wa Kariakoo, nikaanza kupanda ndege. Uwanja wa zamani wa ndege wa Guangzhou, Baiyun, ulikuwa mjini, jirani na Sanyuanli, kwenye maduka ya nguo na viatu. Unashuka, na baada ya muda mfupi umeshafika dukani. Agosti 2004 uwanja ukahamishiwa kaskazini, kilomita 28 kutoka katikati ya jiji. Muda wa angani haukuongezeka hata dakika moja, ila safari yangu ilirefuka. Ongeza foleni ya ukaguzi, ongeza radi za kiangazi, na anga ambayo sehemu yake kubwa iko mikononi mwa jeshi. Ni kawaida abiria kufungiwa ndani ya ndege, mikanda kiunoni, wakisubiri ruhusa ya kuruka. Ile saa 2 kasoro iliyoandikwa kwenye tiketi ilinigharimu siku nzima.

Kisha, tarehe 26 Desemba 2009, ikaanza treni ya kasi: kilomita 350 kwa saa, Wuhan hadi Guangzhou kwa kama saa 3. Daraja la pili lilikuwa yuani 490, karibu mara mbili ya kitanda cha usiku, na wengi tulinung'unika. Lakini tulilipa. Milima ya Nanling sasa ni mahandaki: giza, mwanga, giza tena, masikio yanaziba na kuzibuka. Mwaka 2011 kasi ilipunguzwa hadi 300, safari ikasogea kwenye saa 4, na bado mashirika ya ndege yalihangaika kutafuta abiria katika njia hii.

Ni kweli kituo cha Guangzhou Kusini nacho kiko mbali, huko Panyu. Hata hivyo metro inafika pale pale, na treni huondoka kwa dakika iliyoandikwa.

Kwa hiyo mgeni kutoka nyumbani akiniuliza, namjibu hivi: kama umefikia Xiaobei, mjini Guangzhou, na unakuja Wuhan, panda treni. Kama ndiyo kwanza unatua Baiyun kutoka Nairobi au Addis Ababa, na mabegi yako yameandikishwa moja kwa moja hadi Wuhan, unganisha ndege hapo hapo.