Gari Livutalo Upande

Msomaji kijana, gari kuukuu lina lugha yake, na usukani ndio ulimi wake. Ukitoka Ukunda kwenda Msambweni ukaona gari lavuta kushoto, usiharakishe kulilaumu. Barabara hujengwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yamwagike kandoni. Nasi katika Kenya hushika kushoto, basi kuvuta kidogo upande huo huenda ni mteremko tu. Tafuta mahali tambarare, pasipo magari, ujaribu tena.

Likizidi kuvuta, anza na lililo rahisi. Pima upepo wa matairi yakiwa baridi, kwani tairi lililopungua huvuta gari upande wake. Upepo ukiwa sawa, badilisha matairi ya mbele, la kulia liende kushoto na la kushoto kulia: gari likigeuka kuvuta upande wa pili, kosa ni la tairi. Likivuta wakati wa kushika breki tu, chunguza breki. Kisha fundi aliinue, ayatikise magurudumu, aone kama viungo vya usukani vimelegea. Kulinganisha magurudumu, kazi ambayo mafundi huiita alaimenti, huja mwisho. Yakilinganishwa kabla ya viungo kutengenezwa, hayadumu.

Niendapo kufundisha huwapita watoto wa shule watembeao ukingoni mwa barabara. Huko ndiko litakakokwenda gari livutalo kushoto. Kupima upepo ni kazi ya dakika chache. Uhai wa mtoto haupimiki.